Tulimwita Chege Kabla ya Siku Yake

11 Machi

Mimi Nicanor Shiundu ndiye niliyepiga gita la solo la Sarang'ombe Sound, bendi iliyotingisha mabati kuanzia Kisumu Ndogo mpaka Kawangware. Nikigusa waya wa kwanza, wanawake walisahau sufuria motoni na wanaume wakasahau wanawake. Hakuna aliyenifikia. Waliojaribu wote wamekufa.

12 Machi

Jana nilidanganya. Karatasi ilikuwa nyeupe na mkono ukajisikia. Gita sijawahi kupiga. Nilipiga chupa ya soda, zile za zamani zenye mikunjo, kwa msumari mrefu. Kwetu magharibi gita bila chupa ni ugali bila mboga, kwa hivyo sioni haya. Solo ilikuwa ya Wekulo. Lakini hilo la kwamba wenzangu wamekufa ni kweli tupu, ukimtoa mmoja.

Hata hiki kitabu ni dayari ya mwaka uliopita. Jirani yangu Mercyline, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa anachana kurasa zake kufungia wateja. Nikamwomba.

"Kuka, utaandika nini na shule uliachia darasa la nne?" Kuka ni babu kwa lugha ya kwetu. Ananiita hivyo akitaka kunitukana kwa heshima.

"Nitakuandika wewe."

"Basi andika nimenona."

Mercyline amenona.

14 Machi

Mawingu. Hakuna lingine.

17 Machi

Jumapili. Mvua ya kwanza imeanguka bila hodi. Mercyline alikuwa kanisani, na omena wake wote ameuanika kwenye magunia pale nje. Nilikimbia na miguu yangu hii miwili isiyosikizana, nikakusanya gunia kwa gunia mpaka chumbani mwangu. Sasa blanketi langu linanuka Ziwa Victoria. Akarudi amelowa, amejishika kichwa, akapata omena mkavu umelala kitandani mwangu kama bibi harusi.

"Kuka, nina deni lako. Sema unataka nini."

"Nitafikiria."

"Usifikirie sana, wewe si wa kuaminika."

Sijamwambia. Deni la namna hii likilipwa haraka linakosa utamu.

22 Machi

Niandike habari ya majina, maana bila hiyo mtu hataelewa ninayotaka kufanya Jumamosi ya wiki ijayo.

Katikati ya wimbo wetu mrefu, Wekulo alikuwa anashusha mkono na magita yote yananyamaza. Inabaki chupa yangu na ngoma ya Chege Mbuthia. Hapo ndipo nilipoita wanamuziki waliokufa, wa bendi zingine kwanza, halafu wetu. Niliita mimi kwa sababu chupa haihitaji akili. Nikitaja jina, Chege anagonga ukingo wa ngoma mara mbili, ka-ka, na watu wote ukumbini wanaitikia: "Yuko!"

Na Chege alikuwa anachelewa makusudi. Kila mara. Mimi nimeita, jina linaning'inia hewani, yeye anaangalia dari kama mtu anayetafuta mahali bati linavuja. Jasho linanitoka. Halafu ndiyo ka-ka. Nilimchukia kwa hilo miaka yote tuliyopiga pamoja.

Wekulo alikuwa na masharti. Aliyeita haitikii. Jina lisiloitikiwa, mwenyewe anabaki nje ya mlango ananyeshewa. Na usiite aliye hai.

Tulikosea mara mbili. Mara ya kwanza tuliambiwa Opondo wa besi amekufa kwao. Tukamwita, tukalia, na katikati ya kilio Opondo huyo mlangoni na mfuko wa viazi. Akasikiliza kidogo. Akasema, "Niko, wajinga nyinyi." Aliishi mpaka meno yakaisha. Mara ya pili ilikuwa Jeremy wa saksofoni. Habari ilitoka Kampala, tukamwita, naye akarudi mzima. Tukamwambia ajiitikie kama Opondo. Akacheka, akasema hawezi kuitikia upuuzi. Mvua ya masika ile ilikatika na siku ya kwanza ya jua tulimzika Jeremy.

Tangu hapo Wekulo aliongeza sharti: ukiitwa ungali hai, ujiitikie mwenyewe kabla mvua ya msimu huo haijakatika.

Mimi siamini. Ila tangu Jeremy sijawahi kuona mvua ikikatika bila kujihesabu.

28 Machi

Jumamosi hii ni kumbukumbu ya Wekulo. Kila mwaka naifanya katika baa ya Kisumu Ndogo, karibu na soko la omena. Mimi na chupa na walevi. Chege hajawahi kuja. Alituacha kitambo, akajenga ploti kwenye shamba la babake Kawangware, akawa mtu wa kukusanya kodi. Hata mazishi ya Wekulo hakutia mguu. Nilimwambia kila mtu kwamba moyo wa Chege umeezekwa mabati.

29 Machi

Morris fundi wa viatu ametoka Kawangware. Amesema Chege amekufa. Ameona kwa macho yake: tenti nyeupe mbele ya lango, viti vya plastiki, wanawake wa leso wakipika kwa sufuria kubwa, wazee wamekaa upande mmoja na makofia. Akauliza kijana pale, "Ni kwa nani?" Akaambiwa, "Kwa Chege."

Sikulia. Nilisema, "Hata kufa amechelewa." Halafu nikakaa kitandani mpaka Mercyline akaniuliza kama nimemeza mfupa.

30 Machi

Tumemwita. Baa ilijaa kwa ajili ya mvua, mtu hana pa kwenda. Niliita Wekulo. Yuko. Niliita Opondo. Yuko. Jeremy. Yuko. Halafu nikasema, "Leo ameongezeka mmoja," nikaita Chege Mbuthia, na kwa kuwa hakuna ngoma, Morris aligonga meza kwa kisigino cha kiatu cha mteja. Baa nzima ikaitikia. Sijawahi kusikia "Yuko" nzito namna hiyo. Nilijiona mtu mzuri sana. Nilimsamehe Chege mbele ya walevi wote.

2 Aprili

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Leo nimetembea mpaka Kawangware kupeleka pole, na sukari na majani chai mkononi, kama inavyotakiwa kwa matanga. Tenti hakuna. Lango liko wazi. Mkewe Chege, Wakarima, anafagia maji ya mvua.

"Nicanor! Kumbe uko hai." Akaangalia mkono wangu. "Sukari ni ya nini?"

"Ya matanga."

"Ya nani?"

Niliificha sukari nyuma. Yeye si mjinga. Aliegemea ufagio akacheka mpaka akashika mbavu. Ile tenti ilikuwa ya ruracio. Wakwe walikuja kuleta mahari ya mjukuu wa Chege, Tabby. Tenti ni ile ile, viti ni vile vile, sufuria wanakodisha kwa mtu yule yule, ukiwa unaoa ama unazika. Morris alikuwa ameona harusi ikianza akaniletea jeneza.

"Kwa hivyo mzee yuko?"

Hapo aliacha kucheka. "Yuko na hayuko. Kiharusi. Tangu Januari hajasema neno. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia ni kama umekopwa. Wa kushoto ni mzima lakini hautumii. Ukimwambia shika kijiko hashiki. Ukimwita haangalii. Daktari anasema anasikia. Mimi sijui."

Nikataka kuketi, na hapakuwa na mahali. Nikauliza choo kiko wapi. Akanionyesha nyuma, kwenye safu ya vyumba vya wapangaji.

Ndipo nilipoona milango. Haina namba. Wa kwanza umeandikwa kwa rangi nyeupe WEKULO. Wa pili OPONDO. Wa tatu JEREMY. Halafu majina ya wengine tuliokuwa tukiwaita, wa bendi zingine, mpaka mwisho wa safu. Mama mmoja alitoa kichwa nje akapiga kelele, "We wa Opondo, toa nguo zako kwa kamba!" Na kijana akajibu kutoka Opondo, "Natoa, natoa." Chege alikuwa anaita majina yetu kila siku, na wapangaji wanaitikia, na mimi mwaka mzima nangoja Jumamosi moja ya walevi.

Pale mwisho kabisa ni choo. Mlango wake umeandikwa NICANOR.

Nilirudi nimekasirika. Wakarima alikuwa ananingoja, mdomo ukimcheza.

"Alisema vyumba ni vya waliokufa. Wewe bado uko hai, utakaa chooni kwanza. Ukifa atakuhamisha."

Nikamwambia basi ukweli, kwamba tumemwita. Sharti la Wekulo anajua, alikuwa anakaa meza ya mbele Jumamosi zote. Alifunga macho. "Basi ingia, haraka, akuitikie."

Lakini mwanawe Kagiri alikuwa amesimama nyuma yangu na mwamvuli. Mtu mkubwa, mzee wa kanisa. Alikuwa amesikia.

"Umekuja kumzika baba?"

"Nimekuja kumzikua."

"Mzee, sisi hapa tumeokoka. Hayo mambo ya kuita wafu pelekeni huko kwenu Kibera."

"Babako hajafa."

"Ndiyo nakwambia. Toka."

Sukari alinirudishia. Majani chai yalikuwa yamelowa.

3 Aprili

Mvua. Nzuri.

5 Aprili

Mvua. Watu wanalalamika. Sisemi kitu.

8 Aprili

Nilirudi Kawangware. Lango limefungwa. Nikaita Wakarima kupitia tundu, akaja Kagiri. Nilimwambia nimekuja kuona chumba cha kupanga. Akaniuliza kazi yangu. Nikasema mwanamuziki. Akasema vyumba vimejaa.

13 Aprili

Jua. Tangu asubuhi mpaka adhuhuri jua kali, watu wametoa magodoro nje, watoto wanaimba. Mimi nilikaa mlangoni nimeshika goti. Mercyline aliuliza, "Kuka, mbona unaliangalia jua kama linakudai?" Saa kumi likaja wingu kutoka upande wa Ngong, dogo kama leso. Nilisema asante kwa sauti. Walioanika magodoro walinisikia.

14 Aprili

Kanisani leo, maana nimeanza kwenda. Pasta aliomba mvua ipungue, mito imejaa, watu wa mabondeni wanateseka. Kanisa lote likasema amina. Mimi nilisema chinichini: Mungu, leo usiwasikize hawa. Nipe wiki mbili. Najua ni ombi baya. Niliomba hivyo hivyo, na macho wazi, kama mtu anayevuka barabara.

19 Aprili

Nimejaribu kwa njia ya mlango wa nyuma. Tabby, yule mwenye mahari, alinifungulia. Msichana mzuri, amechukua macho ya babu yake. "Guka, ingia chap kabla uncle arudi." Kuka wa kwetu kwao ni guka. Nilifika mpaka dirisha la sebule. Nilimwona. Wamemlaza kitanda cha chuma karibu na ukuta. Kichwa ambacho kilikuwa kinazuia ngoma isionekane sasa kimelala kwenye mto kama yai. Nikagonga kioo. Nikasema, "Chege Mbuthia." Hakugeuka. Nikaita tena, na hapo Kagiri akapiga honi langoni na Tabby akanisukuma nje na ndoo ya takataka mkononi, nionekane mtu wa takataka. Nilipita mbele ya gari lake na ndoo. Alinisalimia vizuri, masikini, hakujua.

Hakugeuka, lakini. Ndilo linalonila. Opondo alikuja na miguu yake. Jeremy alikuwa na mdomo na akaudharau. Huyu hana mdomo. Ataitikia na nini?

23 Aprili

Mvua usiku na mchana.

24 Aprili

Mvua.

26 Aprili

Maji yameingia.

27 Aprili

Niandike yote nikiweza.

Jana alasiri mto ulipanda. Sisi wa Gatwekera hapa Kibera tumezoea maji ya mtaro, yanakuja, unainua godoro, yanaenda. Haya hayakuenda. Yalikuwa meusi na yana mwendo, na yalibeba vitu ambavyo vina wenyewe: kiti, mlango, redio, mbuzi aliye hai akilia. Nyumba ya Mercyline iko chini ya yangu hatua chache. Ukuta wa nyuma ulilegea kama mkate kwenye chai. Tulitoa watoto. Tulitoa sufuria. Alipotaka kurudi kwa ajili ya magunia nilimshika mkono, akanivuta, akanivuta mpaka nikakaa kwenye matope ili niwe mzito. Omena wote wa wiki, mtaji wake wote, ulitoka kupitia ukuta. Tuliuona ukielea. Samaki wanarudi majini, nilitaka kusema hivyo, mdomo wangu ulishafunguka. Nilimwangalia usoni nikaufunga.

Kule chini kabisa, karibu na daraja, asubuhi watu walihesabiana na hawakutimia. Vijana wanatafuta kwa fito. Niliwaona wakimtoa mama mmoja niliyekuwa nanunua mandazi kwake. Sikumjua jina. Nimekaa naye jirani miaka yote hii, mimi mtu wa majina, na sikumjua jina.

Watoto wa Mercyline wamelala kitandani mwangu. Mimi niko kwenye stuli. Hii mvua niliiomba.

28 Aprili

Nilimwambia. Nilimweleza yote, Chege, tenti, sharti la Wekulo, na lile ombi langu kanisani. Alikuwa anakamua maji kwenye nguo za shule.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema.

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alikamua soksi moja muda mrefu.

30 Aprili

Haniongeleshi. Uji ananipa. Anauweka chini na kuondoka.

2 Mei

Haniongeleshi. Mvua inaendelea. Sasa sijui niombe nini, kwa hivyo siombi. Ikikatika Chege anakwenda. Isipokatika, sisi. Nilidhani uzee unamfundisha mtu kuchagua.

Leo wamekuja watu wa serikali wakaweka alama nyekundu kwenye nyumba za karibu na mto. Watabomoa. Nyingine zimeshajibomoa zenyewe, wakaweka alama kwenye matope.

7 Mei

Mawingu yamepanda juu. Mvua ya leo ilikuwa ya kunyunyiza tu. Naijua hii. Inaaga.

9 Mei

Mercyline alikuja akasimama mlangoni.

"Jumamosi akina mama wa kanisa tunaenda kuombea wagonjwa. Tumeandika Kawangware pia. Yule Kagiri ni mtu wa kanisa, hawezi kufungia akina mama lango."

Nikakaa sawa.

"Utabeba Biblia," akasema. "Na utanyamaza mpaka nikwambie."

"Hili ndilo lile deni la omena?"

"Hapana. Hii ni ili mvua iishe."

11 Mei

Tulikuwa wanawake wengi na mimi. Manyunyu yalikuwa yakianguka, membamba, unayaona lakini huyasikii. Nilivaa koti refu la marehemu kaka yangu, chupa kwapani, msumari mfukoni, Biblia mbele ya vyote kama ngao. Kagiri alikuwa ameenda kwenye duka lake la simiti. Wakarima alifungua lango, akaona akina mama, akaniona mimi katikati yao kama jogoo, akakohoa.

"Na huyu?"

"Ni shemasi wetu," Mercyline akasema.

"Karibuni na shemasi."

Waliimba wamezunguka kitanda. Chege alikuwa anaangalia ukuta. Jicho moja linafungika, lingine halifungiki sawasawa. Nywele zimeisha. Mkono wa kushoto umelala kwenye chuma cha kitanda, pete ya ndoa inacheza kidoleni kwa kukonda. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, kuhusu kodi, kuhusu mazishi ya Wekulo, kuhusu mlango wa choo. Yote yalinitoka.

Mercyline aliniangalia, akashusha mkono. Sijui nani alimfundisha. Wanawake wakanyamaza kama magita.

Nikatoa chupa. Vidole vyangu vimepinda siku hizi lakini vilijua. Mwanzo chupa ilitoa sauti mbaya, ya baridi, halafu ikapata joto ikaanza kuongea.

"Chege Mbuthia."

Hakuna kitu. Jicho liko ukutani.

Nikazungusha tena, kama tulivyokuwa tukizungusha, nikarudi pale pale.

"Chege Mbuthia."

Nikasikia mlango nyuma yangu. Kagiri. Viatu vimelowa, ufunguo mkononi. "Nani aliruhusu..." akaanza, na Wakarima akasema bila kugeuka, "Kagiri, simama hapo." Hakupandisha sauti. Akasimama.

Mara ya tatu sauti yangu haikuwa ya kuimba. Ilikuwa ya mtu anayegonga mlango mvuani.

"Chege Mbuthia, wee, nakuita."

Na Chege akaacha ukuta. Polepole. Jicho likapanda. Likaenda kwenye dari, likasimama pale, linatafuta mahali panapovuja.

Nilimjua. Mungu ananiona, nilimjua. Yule mshenzi alikuwa ananichelewesha. Jina linaning'inia, jasho linanitoka, wanawake wote wameshika pumzi, chupa inazunguka peke yake, naye anaangalia dari.

Ka-ka.

Pete kwenye chuma. Ndogo, kama panya. Lakini mbili, na mahali pake.

Nikamwinamia. "Hiyo ni ya kwako? Unasema niko?"

Akapiga mara moja tena, kwa nguvu, kama mtu anayesema nimeshasema.

Mercyline alikuwa analia, akina mama wakaanza kusifu, kila mmoja wimbo wake. Kagiri alisogea karibu na kitanda. Mtu mkubwa namna ile, midomo inamcheza.

"Tangu augue sijamwona akijibu mtu. Mimi mwenyewe nimemwita kila asubuhi." Akanigeukia. "Mwambie apige tena."

"Haambiwi. Anaitwa. Na anajibu akipenda. Ni babako, wewe ndiye unapaswa kujua."

Alinipa chai. Na sukari nyingi.

12 Mei

Manyunyu.

13 Mei

Kavu.

16 Mei

Kavu. Mercyline amepata gunia moja la omena kwa mkopo wa shemeji. Nimelianika mimi mwenyewe.

18 Mei

Kagiri alinitumia mtu wa pikipiki. Nilikaa na Chege tangu asubuhi. Nilimwambia wapangaji wake wanasemaje juu ya choo chake. Nikapiga chupa kidogo. Alichelewa, akajibu. Tulikuwa tunakaribia kuwa marafiki.

1 Juni

Chege amekufa. Jua.

7 Juni

Lang'ata. Ratiba ya mazishi ilikuwa imepigwa chapa, kila mtu na dakika zake, familia, kanisa, chama cha wenye ploti, wakwe. Muziki hapana. Nilikaa nyuma na chupa kwapani. Wapangaji walikuja pia, wamevaa vizuri; wa Opondo alikuwa na tai.

Walipomaliza kufukia, kabla ya maua, nilisogea mbele. Pasta akaangalia saa mkononi. Nikaita mara moja tu, sikutaka kuharibu.

"Chege Mbuthia."

Safari hii ilikuwa halali. Safari hii alikuwa amekufa kweli.

Upepo tu. Watu waliangalia viatu. Kagiri alifungua mdomo, akamwangalia pasta, akaufunga, na simlaumu, ana kanisa lake. Wakarima alikuwa ameishiwa nguvu mikononi mwa Tabby. Nikangoja kama nilivyozoea kungoja. Nilifikiri anachelewesha. Nilingoja mpaka mtu mmoja akanishika bega akasema, "Mzee, twende gari." Ndipo nikakumbuka kwamba wa kugonga alikuwa Chege mwenyewe.

Aliyeita haitikii. Kwa hivyo jina la Chege liko nje, pale Lang'ata, mlangoni.

9 Juni

Wakarima amenitumia salamu. Chumba kimoja kimebaki wazi, wamekiandika CHEGE. Choo hawajakigusa.

10 Juni

Nilifikiria baa ya Kisumu Ndogo. Hapana. Wale waliitikia jina la mtu aliye hai kwa nguvu zote, wangeitikia hata la mbuzi. Nataka mdomo mmoja ulio na akili timamu.

Mercyline, najua unaanza kumaliza karatasi za kufungia, na najua hiki kitabu utakichukua nikiwa nimesinzia, kwa sababu ni chako. Ukifika ukurasa huu usiufungie omena bado.

Nilikuuliza jana, ukasema, "Kuka, kanisa letu haliitikii wafu." Nimekusikia. Siombi kanisa. Naomba wewe, na una deni langu la ile Jumapili ya mvua, magunia yako yakiwa yamelala kitandani mwangu. Uliniambia niseme nataka nini. Nimefikiria, imechukua msimu mzima.

Jumamosi, ukishaanika, kaa kidogo kwenye stuli yangu. Sufuria uliyookoa ninayo, igeuze iangalie chini. Nitaita Chege. Usikimbilie. Angalia juu kwanza, kwenye mabati, kama unatafuta panapovuja, uniache nitoke jasho, yeye angependa hivyo. Halafu gonga ukingo mara mbili na useme neno moja.

Ujizoeze vizuri na la Chege. Kuna lingine mbele, na siku hiyo mimi siwezi kuita. Itabidi uniite wewe, na utafute wa kugonga.